Saa Iliyochelewa ya Mzee Gaudenz

Siku niliyomwona kwanza, Gaudenz Caduff alikuwa amesimama mbele ya saa mbili za ukutani, chaki mkononi, wala hakugeuka kunitazama. Ilikuwa mwaka 1991, asubuhi, karibu saa mbili. Nilikuwa nimefika kutoka Ureno wiki hiyo hiyo, nimepata kazi ya kufagia kituo cha umeme wa maji, huko milimani juu ya mji wa Ilanz. Nilisimama mlangoni na ufagio, nikiona haya hata kukohoa.

"Ingia, Mreno," alisema. "Sakafu haitakufuata huko."

Saa ya kushoto ilifuata majira ya redio. Ya kulia iliendeshwa na umeme wenyewe. Kila siku saa mbili kamili Gaudenz alizilinganisha, akaandika tofauti yake ubaoni. Mimi niliona tu kwamba ya kulia imechelewa sekunde tisa. Siku ya nne, kabla ya saa mbili, alipotoka kwenda kunywa kahawa, nikapanda kiti niifute vumbi, na kwa kuwa nilitaka kupendwa, nikaisogeza iwe sawa na mwenzake.

Aliporudi aliitazama, kisha akaketi polepole.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, mzee. Ilikuwa imechelewa."

"Najua imechelewa. Hiyo si saa ya kukuambia muda wa kula. Mashine zote, toka kwenu Ureno mpaka Denmaki, zinakwenda pamoja kama gurudumu moja. Watu wakivuta umeme mwingi kuliko tunaotia, gurudumu linazubaa, na saa hii inazubaa nalo. Tukifungulia maji zaidi, linakaza mwendo, sekunde zinarudi. Wewe umezirudisha kwa kidole."

Ikabidi apige simu Laufenburg, kwenye kituo kikuu cha kusimamia umeme, aulize tofauti ya siku ile. Miaka kumi na moja alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kuwauliza. Mtu wa upande wa pili alicheka mpaka nikamsikia nilipokuwa. Mkuu wa kituo alipokuja kuuliza ni nani aliyechezea saa, nilijua nitarudi kwetu.

"Ni mimi," Gaudenz akasema. "Nimeigonga kwa kiwiko."

Tangu hapo tulikula pamoja, yeye na supu yake ya shayiri, mimi na mkate wangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya mashine na kahawa pamoja, naisikia chaki yake ubaoni na maji yakinguruma chini ya sakafu. Baadaye zikaja kompyuta, na saa ile ikatupwa sandukuni. Siku ya kustaafu alitoka nayo kwapani, akaitundika jikoni kwake.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 mapafu yalimshinda, akahamia nyumba ya wazee. Saa hakuichukua. Kuichomoa ni kuisimamisha, na ikisimama hesabu yake imepotea. Akanipa ufunguo.

Majira hayo hayo, huko mbali kwenye nyaya, kulikuwa na waliovuta umeme mwingi kuliko waliotia, na kwa wiki nyingi hakuna aliyeziba pengo. Saa za majiko ya umeme bonde zima zilichelewa karibu dakika sita. Watu wakazisogeza. Bibi Ursetta, aliyekaa naye meza moja huko nyumba ya wazee, hakumwacha apumue.

"Gaudenz, gurudumu lako limepata pancha."

"Likikaza mwendo, wewe uliyesogeza ya kwako utafika kanisani kabla ya padri," alimjibu.

Lakini mimi alinishika mkono. Alitaka jambo moja tu, aambiwe kwamba saa ile imerudi sawa bila mkono wa mtu, ajue nchi zile za gurudumu moja bado zinavumiliana kama enzi zake.

Gurudumu likaanza kukaza mwendo. Kila jioni nikitoka kazini nilipita jikoni kwake, nikailinganisha na saa yangu ya mkononi, nikampelekea habari. Dakika tano. Tatu na nusu. Moja. Dakika zilivyopungua, na pumzi yake ilipungua.

Jioni moja nilipitia kwanza nyumba ya wazee, muuguzi akanivuta pembeni, akaniambia mzee Jumapili hataiona. Nilikwenda jikoni. Zilibaki sekunde arobaini. Nilipanda kiti, kidole kikagusa kioo. Hakuna ambaye angejua. Nikakumbuka kiwiko. Nikashuka.

Nilimkuta ameegemezwa mito, macho mlangoni.

"Ngapi?"

"Arobaini, mzee."

Aliitazama mikono yangu muda mrefu.

"Hukuigusa?"

"Nilipanda kiti. Nikashuka."

Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza, akangoja kipite.

"Basi iache hapo hapo ukutani, Mreno. Hizo arobaini zinakuja zenyewe."