Kahawa Niliyoilowesha Kama Mihogo

Mnicheke tu, lakini sijuti. Kule Lubunga tunakoosha kahawa, mkubwa wetu, papa Isaka, aliniachia pipa la punje zilizotolewa maganda. "Iache ndani ya maji siku moja tu," akasema, "halafu uoshe ute, uanike."

Siku moja? Mimi ninayelowesha mihogo ya kwanga, mkate wetu wa muhogo, siku nne mpaka ilainike, mutu anifundishe kulowesha? Nikaiacha siku nne. Nikaiosha, nikaianika, nikajisifu kwa majirani wote.

Juzi mnunuzi akaja kuonja. Akapiga funda moja, akatema. "Papa, hii kahawa iko nanuka kwanga!"

Wenzangu wote wa kazi wakanigeukia.

"Bon," nikawaambia, "na kwanga yangu munakulaka kila asubuhi, nani alishaitema?"