Mvua ya Jumapili

Uliza Malaba nzima Echodu ni nani, watakwambia, "Yule mzee wa mvua?" Ndiyo huyo. Ni mume wangu, tumeoana miaka kumi na tisa, suruali zake nazifua mimi, kwa hiyo nikimsema nina haki.

Echodu alikuwa tarishi kwenye kambi ya chifu. Mwaka wa 1971 wakaja watu wa serikali, wakasimika mkebe wa kupimia mvua nyuma ya ofisi, wakauzungushia waya ili mbuzi wasinywe, kisha wakauliza nani atautunza. Chifu akamtaja Echodu kwa sababu kati ya wafanyakazi wake ni yeye tu asiyelewa pombe. Kazi yenyewe ni hii: kila siku saa tatu asubuhi unamimina maji ya mkebe kwenye glasi yenye mistari, unasoma ni milimita ngapi, unaandika kwenye kadi. Mwezi ukiisha, kadi inapelekwa Nairobi kwa posta. Basi, hakuna lingine. Lakini ungemwona Echodu! Alivaa koti. Koti, jamani, kwenda kumwaga maji! Ukimsalimia akiwa anasoma glasi haitikii mpaka amalize kuandika. Siku niliyojifungua binti yetu Roselida, alifika hospitali saa nne wakati watu wote walifika saa mbili, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Milimita ishirini na mbili." Nilitamani kumrushia beseni.

Shida ilikuwa moja. Echodu ni mlokole, wa wale wanaosimama mbele ya ushirika na kutubu mpaka ndoto. Jumapili hakati kuni, hapigi pasi, hata kamba za viatu anafunga Jumamosi, halafu kesho yake anasukuma mguu ndani hivyo hivyo. Na Jumapili hapimi mvua. Mwanzoni alikuwa anaacha nafasi ya Jumapili wazi kwenye kadi. Ikaja barua ya ukali kutoka Nairobi: nafasi yoyote isiachwe wazi. Alikaa na ile barua siku tatu, chakula hakimshuki. Siku ya nne akaamua kwamba Jumapili ataandika sifuri, na maji ya siku mbili atayaingiza yote Jumatatu.

"Sasa huo si uongo, Baba Roselida?" nikamuuliza.

"Uongo uko wapi? Kuna tone serikali imekosa? Yote nimewapelekea."

Nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikarudi kwenye chapati zangu. Mimi nina kibanda pale uwanja wa malori, hapa Malaba mpakani. Napikia madereva na wasaidizi wao, matanboi, wanaongoja karatasi za forodha, na wakati mwingine wanangoja wiki nzima, Mungu awabariki watu wa forodha. Kibanda hicho ndicho kimemlea Roselida. Mshahara wa tarishi ni wa kununulia sabuni.

Miaka saba ikapita, sifuri kila Jumapili. Mwaka wa 1978 tukaletewa semina ya siku tatu katika ukumbi mmoja pale Amagoro. Jina lake lilikuwa refu kama bomba la maji: Semina ya Uchumi wa Mazingira na Sayansi ya Hali ya Hewa. Mimi nikapewa kazi ya kupika chai. Echodu akaalikwa kama mgeni wa heshima. Siku ya mwisho angepewa cheti, cha kutokosa hata siku moja kwa miaka saba! Alinunua tai, akajifunza kuifunga kwenye mguu wa meza, na nyumbani hatukulala kwa furaha yake. Mtu ambaye maisha yake yote ametumwa kupeleka barua za wengine, sasa jina lake lingeitwa mbele za watu. Nilimfurahia kweli, sifichi.

Basi siku hiyo ya mwisho, baada ya chai ya saa nne, akasimama mtaalamu wa Nairobi. Aliitwa Dakta Mutua, kijana wa miwani mikubwa na suruali pana chini. Akatundika ukutani mchoro wa rangi tatu.

"Ndugu zangu," akasema, "tumechunguza rekodi za kituo chenu cha mvua. Tumegundua jambo la ajabu. Jumapili hapa hainyeshi. Hainyeshi kabisa! Halafu Jumatatu inanyesha mara mbili ya siku nyingine."

Nikaangalia ule ukumbi. Machifu, walimu, mabwana shamba. Watu hao hao walilowa chepechepe Jumapili iliyopita wakitoka kanisani. Chifu Makokha nilimwona kwa macho yangu akikimbia amejifunika gunia. Wote wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mchoro ulikuwa na rangi, na pilau ilikuwa inanukia nyuma. Nani abishane?

"Sababu ni malori," Dakta akaendelea. "Forodha inafungwa Jumamosi. Jumatatu malori mia mbili yanawasha injini kwa pamoja. Moshi unapanda, unagonga mawingu, mvua ya siku mbili inaanguka kwa mkupuo. Udongo wenu unasombwa mpaka ziwani, wavuvi wa Osieko wanavua matope. Hiyo ni hasara kwa uchumi! Kwa hiyo naomba semina ipitishe azimio: uwanja wa malori uondoke Malaba, uhamie maili thelathini nyuma, na vibanda vyote vibomolewe."

Vibanda vyote! Birika nusura linianguke. Kibanda changu kibomolewe kwa sababu ya Jumatatu ya mume wangu?

Nikamtupia Echodu jicho. Yeye alikuwa anaangalia tai yake. Mezani, mbele yake, cheti kilikuwa kimeviringwa na kufungwa utepe mwekundu. Akisema ukweli, cheti kwaheri, pengine na kazi kwaheri. Akinyamaza, mimi na wanawake wenzangu arubaini wenye vibanda tunahama na masufuria kichwani. Nikamkodolea macho. Akainama zaidi. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

Mwenyekiti akasema, "Wanaounga mkono wainue mikono."

Mpika chai haruhusiwi kuongea kwenye semina. Lakini kuna mtu alikataza kuimba? Mimi sijaokoka, nakiri, ila nimekaa kiti cha nyuma cha ule ushirika wao miaka mingi na desturi zao nazijua. Wakiona ndugu ana jambo kifuani na hasimami, wanamwimbia. Ni wimbo wa polepole, wa chini chini, na hawauachi mpaka atoke kwenye kiti. Nikaweka birika chini, nikauanzisha pale pale mlangoni.

Chifu Makokha, ambaye naye ni wa ushirika, akaitikia kwa besi kabla hajajua anafanya nini. Walimu wakadaka. Ubeti wa pili nusu ya ukumbi wamesimama, macho wamefumba, na Dakta Mutua, maskini, akidhani ndivyo sisi tunavyopitisha maazimio, akawa anapiga makofi.

Echodu akasimama.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!" ukumbi ukajibu.

"Mimi ndiye mtu wa mvua. Jumapili siendi kupima. Naandika sifuri, na maji yake nayaingiza Jumatatu. Malori hayana kosa. Kosa ni langu."

Nilifikiri watamzomea. Lakini wewe huwajui walokole. Mmoja akishaanza, hakuna wa kuzuia. Chifu Makokha akasimama akilia: ile miche elfu kumi aliyoripoti kwamba imepandwa ilikuwa mia tatu, na mia mbili waliila mbuzi. Bwana shamba mmoja akafuata: ile mitaro ya makinga-maji mashambani, lokesheni nzima, aliihesabu akiwa juu ya baiskeli, akiteremka mlima. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga. Mwenyekiti akagonga meza mbio mbio, akafunga semina kabla zamu haijamfikia yeye.

Azimio likafutwa. Mwenyekiti akauliza ni nani sasa atapima mvua siku za Jumapili, na ukumbi mzima ukaninyooshea kidole mimi, mwenye dhambi. Dakta Mutua akakunja mchoro wake, akachukua cheti mezani, akakitia mkobani. Pilau niliipakua mwenyewe. Echodu hakula.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli iliyobeba masufuria yangu. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya kujitetea, na mengine ya kumshambulia nayo, maana ulimi wangu unaujua.

"Mama Roselida," akasema mwishowe, "ule wimbo ni wewe uliuanzisha."

"Ni mimi. Na ukitaka nitauanzisha tena."

Akasukuma hatua kadhaa.

"Wakati wa chai nilimfuata yule Dakta nje. Alikuwa amenionyesha mchoro asubuhi. Nikamwambia yote, na Jumapili zangu zote. Akanishika bega, akasema, mzee, hesabu imeshapigwa, wewe nenda uketi, cheti chako kiko tayari." Akakwepesha baiskeli kutoka kwenye shimo. "Nikaenda nikaketi. Nilikuwa nimeketi kweli kweli, Nerima. Ningeketi mpaka wabomoe."

Tangu siku ya harusi hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nikapita upande wa pili wa baiskeli, nikashika usukani, tukasukuma pamoja.