Vunjajungu wa Rangi ya Udongo

Tarehe kumi na nne Septemba mwaka huu tulimzika dada yangu Namsifu, nyumbani kwake hapa Same, upande wa tambarare, kwenye kiwanja kile kile tulichokulia. Kesho yake niliamka kufagia uwanja. Nilinyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie, na harufu ya udongo ule mwekundu ikanirudisha kwenye kiangazi cha kwanza tulipoteremka kutoka milimani, baba alipopata kazi kwenye shamba la katani.

Juu tuliacha migomba, ukungu na mifereji ya maji. Huku tulikuta migunga, upepo na mawe ya moto. Mimi nilikuwa nimeteremka na vunjajungu wa kijani ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, kifuniko nimekitoboa matundu. Mama hakujua. Angejua angelitupa kopo njiani, maana aliamini kwamba ukimchezea mdudu huyo, vyungu vya nyumbani vitavunjika. Siku ya pili nilimtoa uwanjani apate hewa. Juu ya udongo ule mwekundu alionekana waziwazi kama kipande cha jani la mgomba, na kuku akamdonoa kabla sijanyanyuka. Nililia mpaka jioni. Nilikataa makande, nikamwambia dada kwamba na mimi nitakufa huku, nirudishwe kwa bibi.

“Bibi mwenyewe hapendi walizi,” alisema. “Futa kamasi, twende.”

Alinipeleka nyuma ya ua wa minyaa, mahali pasipoota hata jani, akanichuchumalisha.

“Unaona nini?”

“Mawe.”

“Angalia tena.”

Jiwe moja likakimbia. Alikuwa vunjajungu, mfupi, mwenye madoa kama changarawe, na vibawa vidogo visivyoweza kumrusha. Alikimbia kwa miguu mirefu, akasimama, akakunja mikono yake ya mbele, na pale pale nikampoteza.

“Kuku wanapita hapa kutwa,” dada alisema, “na huyu bado yupo.”

“Mama atasema tutamvunjia vyungu.”

“Vyungu vyenyewe viwili, kimoja kina ufa tangu tukiwa juu. Atatulaumu kwa kipi?”

Usiku ule nilikula makande. Sijui kama ni kwa sababu ya mdudu au ya njaa. Nadhani ni vyote viwili. Kuomba kurudi juu sikuomba tena, na dada hakunitania kwa hilo hata tulipokuwa watu wazima.

Sasa nyumba za bati zimejaa, na mahali pale nyuma ya minyaa pana ukuta wa jirani. Nimeishi vizuri huku. Mlimani naenda kusalimia tu, na nikikaa siku nyingi, baridi inanisumbua.

Asubuhi ile nilipofika karibu na ukuta, kijiwe kilikimbia mbele ya ufagio. Niliuinua, nikasubiri. Akasimama, kisha sikumwona tena.

“Mama mdogo, mbona hapo hujafagia?” binti wa dada aliniuliza kutoka mlangoni.

“Hapo pana mwenyewe,” nilimjibu, nikaendelea kufagia upande wa pili.