Ada ya Kaka Yangu

Mwaka ule kaka yangu aliitwa chuo cha uuguzi Musoma, na mimi nikakosa usingizi. Serikali ilishaanza kusema wazazi wachangie. Barua ya chuo ikaja na ada imeandikwa, muhuri juu. Pamba yetu ya Bunda ilikuwa imechukuliwa, malipo hayajaonekana. Baba aliisoma ile ada, kisha akanitazama mimi, binti yake. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Jamani, nilijua.

Siku chache baadaye akaja mzee wa upande wa Butiama, mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Aliomba maji ili anione nikitembea. Nilipopiga magoti kumpa, maji yakamwagikia miguu yake. Akacheka. Wakakubaliana na baba ng'ombe wa mahari waje Jumamosi.

Ijumaa mama alienda Musoma, soko la Mwigobero, kuchukua dagaa wa biashara, akatuchukua mimi na kaka. Tukapita chuoni. Mama hajawahi kununua hata chumvi bila kuvutana bei, lakini barua yenye muhuri nyumbani tuliiogopa sote. Sijui siku ile alipatwa na nini. Karani alipotaja ada, akamwambia kama yuko sokoni, "Baba, punguza. Ya mwisho ngapi?"

Kaka aliinamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilifumba macho, nikisubiri tufukuzwe.

"Mama, hiyo ya kwenye barua wanalipaga wachache," karani alisema. "Lete nusu, na magunia mawili ya mahindi. Wenzako wanakujaga kuomba, nyie mmekaa tu."

Nusu! Mbuzi wetu wangetosha kabisa. Nilitaka kuruka, lakini basi la mwisho likatuacha, tukalala Nyakato, palepale Musoma, kwa mama mdogo. Sikula. Niliwaza Jumamosi tu.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapanda, na ng'ombe walikuwa zizini. Yule mzee alikaa kwenye kiti chetu kizuri, anakunywa uji. Mama hata mzigo hakuutua, akamwambia baba yote: nusu, mahindi, mbuzi.

Baba alisikiliza, uso ukamng'aa. Moyo wangu ukatulia kidogo.

"Kumbe!" akasema, akampigapiga mgeni begani. "Basi tunauza mbuzi, ng'ombe hawa wanabaki wote kwetu."

Nikajikojolea pale pale, msichana mzima, mbele ya yule mzee.