Mkono Uliofungwa kwa Leso

Wiki jana mwalimu wa mtoto wangu wa chekechea alituma ujumbe kwenye kikundi cha wazazi: kesho kila mtoto aje na hindi kavu ambalo halijapukuchuliwa, ili wajifunze kutumia vidole. Wazazi wakashukuru, mmoja akaandika kwamba shule za siku hizi zina ubunifu kweli. Niliweka simu mezani nikacheka peke yangu pale jikoni, kicheko kibaya, kwa sababu kazi hiyo hiyo ndiyo iliyompa nyanya yangu jina la mtesaji kijiji kizima kule Mwala.

Kaa nikusimulie, rafiki yangu. Nilipokuwa na miaka mitatu malaria ilinipanda kichwani. Nilipona, lakini mkono wa kulia ulibaki umejikunja kifuani, kidole gumba kimejificha ndani ya kiganja. Mama alikuwa akishona nguo kiwandani Athi River, kwa hivyo nililelewa na mama yake. Hadi leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni na isyo ikitokota, mahindi na maharagwe yakigongana chunguni, najiona nimekaa kwenye kigoda kando ya jiko lile, nimelishwa na kuvalishwa kama mtoto mchanga ilhali meno yameanza kung'oka.

Mara moja kwa mwezi alikuja kwenye zahanati yetu mwanamke mmoja kutoka hospitali ya mjini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kama mimi mambo ya kila siku: kushika kijiko, kunawa, kuvaa, kwenda msalani. Watu walimwita daktari wa mazoezi, naye hakulipenda jina hilo. Alitoka mbali, Kikamba hakukijua, ila neno la kumwitia nyanya alikuwa amelishika.

"Susu," alimwambia, "huyu hataishi kwa mazoezi. Ataishi kwa kula na kuvaa. Kwako kuna kazi gani ya mikono?"

"Kwangu iko mahindi tu," Nyanya akajibu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Mahindi na maharagwe."

"Basi hiyo ndiyo dawa."

Na dawa ilikuwa chungu, sikufichi. Kila jioni Nyanya aliufunga mkono wangu mzima, ule wa kushoto, kwa leso, akauegemeza kiunoni, akaniwekea hindi mapajani. Ule mkono mvivu, kama alivyouita, ndio ulitakiwa kung'oa punje. Nililia. Nilimtupia hindi. Nilimwambia nitamshtaki kwa Mama. Yeye alifungulia redio, na hadi taarifa ya habari iishe hakunigusa wala kunitazama, ingawa niliona akifuta macho kwa upindo wa gauni na kusingizia moshi. Kisha alinifungua, akanipa maziwa ya mbuzi, tukawa marafiki tena. Huko Wamunyu alimwomba mchongaji kijiko cha mpini mnene. Mchongaji akakichonga kutoka mguu wa twiga wa mti aliyempasukia kazini, madoa yake yakiwa bado yanaonekana. Nilikipenda kijiko hicho kuliko mwanasesere yeyote.

Shule ndiyo iliyokuwa ikitukimbiza. Mwalimu mkuu alishasema hapokei mtoto wa kuvalishwa na kupelekwa msalani, na shule zilikuwa zinafunguliwa Januari. Mwezi wa kumi kidole gumba kilitoka kiganjani. Mwezi wa kumi na moja niliweza kushika ncha ya gauni kwa mkono mbovu huku mzima ukipitisha kifungo. Jumapili moja nilivaa mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukachelewa ibada, nikaingia kanisani vifungo vimepishana na kola imepanda sikioni. Jirani yetu, mkubwa wa akina mama pale kanisani, alininyooshea mkono anitengeneze. Nyanya akauondoa ule mkono mbele za watu.

Hapo ndipo tulipoingia matatani. Siku chache baadaye jirani alikuja kuomba chumvi jioni, akanikuta nimefungwa leso, nalia, hindi mapajani.

"Unamfunga mtoto kiwete umtumikishe?" alipiga kelele hadi mbuzi wakashtuka. "Hata Mungu humwogopi?"

Tukaitwa kwa naibu wa chifu. Nyanya alieleza alichoambiwa, na yule mama wa zahanati hakuwepo, siku yake haikuwa imefika. "Daktari gani atasema mtoto afungwe?" wakamuuliza, na wanaume wakacheka. Mimi nilisema kwamba naweza kuvaa mwenyewe. Walinitazama kwa huruma, mmoja akanipa peremende, akaimenya kwanza.

Mama aliitwa. Alifika akilia, akanikumbatia, akamwambia mama yake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akanichukua siku hiyo hiyo. Kijiko kikabaki.

Chumba chetu cha Athi River kilikuwa cha mapenzi matupu. Mama aliniamsha kabla ya zamu yake, akanivalisha, akanilisha, akanifunga kamba za viatu. Nikijaribu kifungo aliniondoa mkono na kusema, "Wacha mama, umeteseka vya kutosha." Alinitafutia shule iliyokubali mtoto wa kuvalishwa. Mkono ule haukupewa kazi tena, ukarudi kifuani polepole, na nilipofika darasa la nne hata kwa kuvutwa haukunyooka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema kwamba mwana naye atakuja kulia, tena akiwa mtu mzima, kwenye choo cha ofisi, zipu imemshinda.

Mwaka jana tulimzika Nyanya. Chumba cha zahanati alimokuwa akifundishia yule mama sasa kimejaa vyandarua, na wauguzi vijana hawajui kama kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Mahindi ya kijiji hupukuchuliwa na mashine inayopitishwa nyumba hadi nyumba kwa mkokoteni wa punda. Kijiko hakuna aliyekiona. Yote hayo ningeyavumilia, dunia ndivyo ilivyo.

Lakini niliomba kusema neno kaburini. Nikashika maikrofoni kwa mkono wa kushoto, nikawaambia wazi kwamba Nyanya hakunitesa, kwamba alikuwa akinitibu, kwamba mkono huu ulikuwa umefunguka na wao ndio walioufunga. Nilisema kwa hasira. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine, akina mama wakaanza kujifuta machozi. Jirani yetu, mkongwe sasa, akaja na mkongojo wake, akanikumbatia kwa nguvu na kuwageukia watu.

"Mmesikia huyu mtoto?" akasema. "Na vile aliteswa! Amemsamehe."

"Amemsamehe," wakaitikia, na mchungaji akaniomba nisogee kidogo vijana warudishe udongo.