Vitumbua Vilivyoua Bima Yangu

Najua mtanicheka, na haki mnayo, maana hata mimi kila nikipita kile kinjia cha nyuma ya jengo langu pale Kingsbury, hapa London, nasikia aibu inanipanda mpaka masikioni.

Mnalijua hilo jengo, ndimo ninamopikia vyakula vya harusi na misiba. Mkopo wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na nisipopata mkopo mpya wa kuulipa ule wa zamani, benki inaliuza. Basi wakili wangu, Bi Njeri (Mkenya, mkali kama pilipili mbuzi), akapekua hati akagundua kwamba kinjia hicho, ambacho van yangu inapita mwaka wa tisa huu, ni ardhi ya jirani. Akaniambia nisihangaike, tutakata bima ya hati, jirani akija juu bima italipa, benki nayo itaridhika. Sharti moja tu: nisimwambie mtu, hasa jirani, maana akishajua hakuna kampuni itakayotukatia.

Nikasema sawa. Lakini jamani, mimi mtu wa Tanga, nipite kwenye ardhi ya mtu miaka yote hiyo, nimkatie bima kimyakimya, halafu asubuhi nimwambie shikamoo? Roho ikanisuta. Nikapika vitumbua, nikampigia hodi Mzee Kanti, Mhindi mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la vitambaa hapo jirani, nikamwambia, "Mzee wangu, ile njia tunayopita ni yako, lakini usiwe na wasiwasi, naikatia bima." Akala viwili, akasema, "Asante sana, mama." Nikarudi najiona mstaarabu kuliko London nzima.

Ningeishia hapo. Lakini (si mnanijua nilivyo) nikafanya shukrani Jumamosi, mkopo wenyewe haujatoka, nikaalika kina mama wote wa kikundi chetu, na Mzee Kanti naye. Katikati ya kula Bi Njeri akapiga simu, nami nikaweka spika ili watu wasikie kwamba nina wakili.

"Mama Upendo, kabla nitume hizi karatasi kwa watu wa bima, nataka tu kuhakikisha. Hiyo maneno ya njia hujaambia mtu, ama?"

Nikaitazama sahani yangu. Kabla sijapata uongo wa kufaa, Mzee Kanti, kwa adabu zote, akaiinamia simu akasema, "Ameniambia mimi. Tena alileta vitumbua."

"Na wewe ni nani?"

"Mwenye njia."

Mama mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu Kiingereza, alisema tu, "Oh, Mum."

Bima ikafa palepale, benki ikasimamisha mkopo, ikabidi nimlipe Mzee Kanti atie saini haki ya mimi kupita, na pesa niliyoweka ya oveni mpya ikaenda yote. Jengo tuliliokoa zimebaki siku mbili. Siku ya kusaini nikamuuliza, nina uchungu kwelikweli, kwa nini asinipe bure kwa ajili ya ujirani.

Akanijibu taratibu, "Mama Upendo, miaka tisa mimi nilidhani njia ni yako. Wewe ndiye umenifundisha kwamba ni yangu."

Vitumbua bado nampelekea. Ila siku hizi naweka sahani mezani, natoa shikamoo, naondoka na mdomo wangu.