Kiu ya Mama Awale

Kule Kariobangi, Nthenya fundi wa nguo, mama yake Kisilu, alijulikana kwa mambo mawili. Alikuwa mshika Sabato wa kweli: jua la Ijumaa likizama, cherehani ilifunikwa, hata bibi harusi angelia mlangoni. Tena alikuwa na macho. Mteja akiingia tu, ameshaona bega lipi limeshuka.

Jirani yake Ruqiyo, mama yake Awale, Mwislamu, naye alishika dini yake vilevile, na hilo ndilo lililowafanya wapendane. Hakuna aliyemtaka mwenzake ajieleze.

Ramadhani ya mwaka wa sabini na nane iliangukia Agosti, Nairobi ikiwa ya masweta. Ruqiyo akaanza kukonda. Wapangaji wa ploti yao wakasema ni saumu. Nthenya aliendelea kuangalia. Aliona jirani yake akifuturu kwa jagi zima la maji, kisha la pili, katika baridi ile. Alimwona akipapasa kufuli asilione tundu lake. Shangazi yake mwenyewe wa Mwala alianza hivyohivyo.

Ijumaa jioni akamwendea.

"Mama Awale, wewe ni mgonjwa. Twende hospitali."

"Nimefunga tangu usichana wangu," Ruqiyo akajibu. "Wewe ungeshona Jumamosi kwa kuambiwa umekonda?"

"Singeshona. Lakini Bwana wangu aliponya watu siku ya Sabato. Na dini yako haimlazimishi mgonjwa kufunga, wewe mwenyewe uliniambia."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi tukaambiwe hivyo na daktari. Kesho."

"Kesho ni Sabato yako, Mama Kisilu."

"Najua ni siku gani."

Ruqiyo akaanza kutafuta buibui lake la kuvaa kesho asubuhi.

Kesho yake Nthenya alikuwa awafundishe kina mama somo kanisani. Hakwenda; alimpeleka Ruqiyo hospitali. Daktari alipima damu, akasema ni kisukari, tena kimepanda vibaya. Angeendelea kufunga angezimia mchana mmoja asiamke. Ruqiyo alilia pale kwenye benchi. Hakulilia ugonjwa, alililia siku zake za saumu zilizobaki. Nthenya hakumnyamazisha. Alijua mtu analilia nini.

Sheikh naye alimthibitishia: kwa kila siku asiyoweza kufunga, amlishe maskini. Ruqiyo alianza dawa, akapika kwa bidii mpaka ploti nzima ikanukia iliki.

Sabato iliyofuata, Lydiah, mkuu wa akina mama kanisani, alimvuta Nthenya kando.

"Dada, Sabato iliyopita tulikungoja."

"Nilimpeleka jirani hospitali."

"Kwani hana watu wake?"

"Anao," Nthenya akasema kwa utulivu. "Walikuwa hawajamwona."

Lydiah akauliza mgonjwa anaendeleaje, na Nthenya akamsimulia yote, bila haraka, mpaka wimbo wa kwanza ukaanza.